Nusu ya Kitumbua Kishubakani

Galu, Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri

Kwa binti yangu Mwanasiti,

Salaam nyingi kutoka kwa mama yako, ambaye wakati unapoisoma barua hii atakuwa ameketi barazani akijifanya anashona makuti. Mimi ni mzima. Wewe pia u mzima, na hilo ndilo neno kubwa kuliko yote katika barua hii, utaliona mbele.

Sasa hivi uko kwa mama mdogo wako Mishi, anakusuka nywele, na kicheko chako nakisikia mpaka hapa, nyumba ya tatu. Nimemwomba dada yangu akusuke polepole. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia nataka mistari iliyonyooka. Uongo mdogo tu. Mimi na uongo tumezoeana, kama utakavyosoma.

Kesho baada ya Alfajiri gari la kile kijiji cha mafunzo litakuja kukuchukua hadi ng'ambo ya Msambweni. Sikuandikii habari za kufua, kusali wala kuamkia wakubwa. Hayo nimekuimbia tangu mwezi ulipoandama mpaka jana ukaziba masikio kwa leso. Ninaloliandika hapa sijawahi kukwambia, na kwa mdomo nimeshindwa. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Juzi nilianza, "Mwanasiti, unakumbuka...", ukageuka ukanitazama kwa macho yako yale, nikamalizia, "unakumbuka ulipokiweka kile kijisu?" Ukanitafutia kijisu nyumba nzima, maskini, nami nimekikalia.

Basi kesho nitakutia barua hii mkononi, nawe uisome garini kabla hamjafika, kwa herufi nilizokufundisha mimi mwenyewe humu ndani. Ni woga, najua. Lakini woga huu angalau umeshika kalamu.

Nianze na homa. Ulikuwa na miaka minne. Siku tatu ulichemka, siku ya nne homa ikashuka, tukashukuru Mungu. Nikakuinua nikuvike nguo, miguu ikaning'inia tu, haikukanyaga chini. Nilidhani unanichezea. Nikakwambia, "Simama wewe, acha mzaha." Mtoto ameshapooza na mama yake anamgombeza asimame. Maneno hayo bado nayasikia, hasa nikiwa peke yangu na kazi mkononi. Mguu wa kulia ulikurudia baada ya miezi, kidogo kidogo. Wa kushoto haukurudi.

Tulifanya kila tulichoambiwa. Siku ya mwaka mpya nilikubeba mgongoni nikakuogesha baharini pamoja na watu wengine, nikamwaga maji mara saba. Uliogeshwa majani, ukavishwa hirizi, ukakandwa mafuta ya nyonyo mpaka godoro likanuka. Baba yako Hamisi alivumilia miezi mitano. Kisha akasema anakwenda Tanga kwenye mkonge na atarudi kabla ya Ramadhani. Hakusema Ramadhani gani. Mama yake aliniambia mlangoni, mbele ya watu, kwamba upande wao hawana viwete, kwa hiyo nitazame upande wangu.

Nisikudanganye kwamba nilianza kukuficha kwa sababu ya bibi yako. Hakuna asubuhi niliyoamka nikaamua, leo mtoto huyu namficha. Ilianza kwa mgeni mmoja mwenye huruma nyingi, aliyekushika kichwa akalia hadi ukalia nawe. Alipokuja mara ya pili nikakwambia, "Ingia ndani mwanangu, yule mama wa machozi anakuja." Tulicheka, wewe na mimi. Halafu ikawa kila mgeni. Halafu majirani nao wakawa wageni. Mwisho mlango wa mbele wenyewe ukawa si wako.

Na kuna hili, ambalo sijui kama unalikumbuka. Ulipokuwa ukijiburuta, mguu wako wa kushoto ulikwaruza sakafu. Siku moja mnunuzi wa makuti alikuwa ameketi barazani akauliza kama nimefuga kuku ndani. Nikacheka naye. Alipoondoka nikakufunga vitambaa magotini na mguuni, nikakufundisha kutambaa bila sauti. Tulifanya mazoezi kutoka mlangoni mpaka kwenye kile kishubaka cha chini ukutani, tunapowekea taa. Ukifika kimya, nilikupa kipande cha sukari guru. Wenzangu waliwafundisha watoto wao kutembea, mimi wangu nilimfundisha asisikike. Nawe ulijifunza upesi, una akili wewe. Mpaka leo unanishtua. Nageuka nachukua ukindu wa kushonea, nakukuta umeketi nyuma yangu na sijui umefika saa ngapi.

Sasa nakuja kwenye asubuhi yenyewe.

Ulikuwa na miaka sita. Ilikuwa wakati bara kuna hali ya hatari, na hata huku kwetu mtu mwenye daftari alitiliwa shaka. Nilikuwa barazani nashona. Wewe ulikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa makuti, unanichambulia majani. Nikasikia mti unagonga juu ya mawe ya njia, ko, kisha kimya, kisha ko tena. Nikainua macho nikaona mzee mwenye mguu wa mbao kuanzia gotini, na nyuma yake kijana mmoja dresa wa hospitali, kaptura ya kaki, daftari kwapani.

"Hodi hapa."

"Karibuni. Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo? Watoto hawajambo?"

"Hatujambo, alhamdulillahi."

Aliketi kwa taabu, akauweka ule mguu mbele yake kama mtu anavyoweka mzigo. Akaniambia anaitwa Fundi Omari, anaishi katika kijiji cha mafunzo ng'ambo ya Msambweni, mahali wanapokaa watu wenye vilema, wakatibiwa na kufundishwa kazi. Mguu wake ulikatwa kwa sababu ya donda ndugu, na sasa yeye ndiye anayewatengenezea wenzake magongo na viatu vya chuma.

"Tumesikia hapa kuna mtoto aliyepooza," akasema. "Tumekuja kumwona. Hatukuja kumchukua, mwanangu, usishtuke. Kumwona tu."

Nami nikasema, "Mtoto huyo alifariki."

Nimeandika neno hilo. Nimekwenda kunywa maji nimerudi. Ndiyo. Nilisema alifariki. Halikuwa neno nililolipanga, lilitoka tu, na lilitoka laini kuliko maneno mengi ya kweli niliyopata kusema.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa mumiani. Unajua mambo yaliyosemwa, gari la serikali likisimama njiani kuna watu wananyonywa damu ikafanywe dawa, na kila mgeni mwenye daftari ndiye mumiani mwenyewe. Hata Mishi nilimwambia hivyo. Nimejificha nyuma ya mumiani kama nilivyokuficha wewe nyuma ya makuti. Sasa nakwambia kweli. Sikuogopa damu yako kunyonywa. Niliogopa kubaki peke yangu. Baba yako alikuwa na miguu miwili mizima na alikwenda nayo. Wewe ulikuwa mtu pekee katika dunia hii usiyeweza kuniacha, na jambo hilo lilikuwa likinifariji. Naona aibu, mwanangu. Wakubwa husema kikulacho ki nguoni mwako, na mtoto mdogo hawezi kujua kwamba nguo yenyewe ni mama yake.

Fundi Omari akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Dresa akalifunga daftari. Nilidhani yamekwisha, wataniambia pole na kuondoka. Lakini yule mzee alikuwa anatokwa na machozi, machozi ya kweli, yanaingia kwenye ndevu. Akaniuliza, "Jina lake nani, mwanangu, tumwombee?"

Ningeweza kutaja jina lolote. Fatuma, Asha, majina hayana uhaba. Ulimi uliotoka kudanganya vizuri namna ile ukakwama papo hapo, ukasema, "Mwanasiti binti Mwanakombo." Jina lako na langu, kama yanavyotajwa kaburini.

"Alfatiha," akasema, na akainua mikono. Dresa akainua. Nami nikainua. Mtu anayesomewa mwanawe hawezi kukaa na mikono mapajani. Nikatazama viganja vyangu, vilikuwa vimeingia rangi ya majani. Nikasoma pamoja nao kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikasema amin. Nikajipangusa uso. Na hatua tatu nyuma yangu wewe ulikuwa umeketi kimya kabisa, kama nilivyokufundisha.

Walipoondoka ukatoka. Nadhani hapa unakumbuka, maana hukuwahi kusahau.

"Mama, nani amekufa?"

"Mtoto wa watu."

"Anaitwa kama mimi?"

"Ndiyo. Kama wewe."

"Na mama yake anaitwa kama wewe?"

"Ndiyo."

Ukauliza tena, "Alikuwa anatembea?"

Sijui kwa nini nilijibu nilivyojibu. Nilisema, "Ndiyo, alikuwa akitembea."

"Basi kwa nini akafa?"

Nilikwambia nenda ukachambue makuti. Kesho yake Mishi akakuletea kitumbua, na wewe ukakigawa, ukala nusu, na nusu ukaiweka kishubakani kando ya taa. Nikauliza ya nani. Ukasema, "Ya Mwanasiti yule." Ningekuzuia kwa neno gani? Ulikuwa na huruma na maiti, jambo zuri kwa mtoto. Ukamsomea na Fatiha niliyokufundisha mimi mwenyewe, unaruka aya moja kila mara.

Alfajiri nikaamka nikaikuta ile nusu pale pale. Kuitupa ni dhambi. Kuiacha, ungeamka ukaniuliza kwa nini hakula. Nikaila. Niliila nimesimama, nimeupa mlango mgongo, nayo imekauka. Ukaamka, ukaona kishubaka kitupu, ukapiga makofi, "Mama, amekula!" Na kwa kuwa amekula, ukaendelea kumwekea, kila Mishi alipotuletea vitumbua, miaka miwili na zaidi. Nami nikaendelea kula riziki ya maiti niliyemuua kwa mdomo wangu.

Hivyo ndivyo yule mtoto alivyokuja kukaa nasi. Wewe ulimwogopa kidogo na kumpenda sana. Ulikuwa na mwenzako hatimaye, kwa kuwa mimi nilikunyima wote walio hai. Lakini mimi, Mwanasiti, nilimsikia. Sikuandikii kukutisha, umeshakuwa mkubwa. Adhuhuri, nyumba imetulia, wewe unashona na hufanyi sauti yoyote, yeye hutembea. Hatua ndogo za miguu miwili mizima, kutoka mlangoni mpaka kishubakani. Sitasema ni shetani na sitasema ni masikio yangu. Nasema nimesikia, na kila nilipogeuka nilikuona wewe tu, umeinama juu ya kazi. Mara moja niliita, "Mwanasiti!" ukaitika. Nami sikuwa nimekuita wewe.

Ulipokuwa na miaka tisa ukashikwa na malaria ile mbaya, unakumbuka ulivyoweweseka. Niliketi kando yako nikijua kabisa kilichokuja. Fatiha ilitangulia, sasa kifo kinakuja kuikuta. Nikakimbia kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, nikamwuliza kwa kuzungusha maneno, ati nimesikia habari za mtu huko Vanga, alisomewa Fatiha ya maiti naye yu hai. Je, itamdhuru?

Mwalimu akanijibu, "Fatiha haina sumu, bibi. Mgonjwa husomewa, hata bwana harusi husomewa. Wewe niambie kilichosemwa kabla ya Fatiha."

Nikamwambia nimeacha chungu motoni, nikaondoka mbio. Ulipopona nililia mpaka Mishi akadhani umekufa. Hapo ndipo ungetegemea kwamba nilifungua mlango, nikakutoa nje, nikatubu. Sikufanya. Watu husema mtu akiogopa sana hubadilika. Mimi niliogopa sana nikakaza komeo. Kama kuna jambo moja nimejifunza kwa maumivu ni hilo, kwamba hofu haimfundishi mtu kitu chochote isipokuwa kuogopa vizuri zaidi.

Ukakua. Mikono yako ikawa hodari kuliko yangu, makuti yako yakabana na kunyooka mpaka wanunuzi wakayachagua kwanza. Zile nyumba za wageni wanazojenga Diani, nusu ya paa moja ni kazi yako. Nilisimama chini ya paa lile siku ya kupeleka mzigo, wazungu wanalitazama wanasifu, wananiuliza ni nani anayeshona hivi. Nikasema ni mimi.

Siku ile ile niliporudi ndipo nilipomkuta Fundi Omari barazani kwangu.

Ulinisimulia mwenyewe ilivyokuwa. Uliusikia mti unagonga juu ya mawe, ukataka kujua ni kitu gani kinachotembea hivyo, ukatambaa ukafungua mlango. Baada ya miaka yote ile ulifungua tu, kana kwamba haukuwahi kufungwa. Alikuwa anapita zake kwenda Ukunda. Ukamwamkia, akaitikia, akakuuliza wewe ni nani. "Mwanasiti binti Mwanakombo," ukasema, kwa sauti. Uliniambia kwamba babu yule aliketi chini ghafla akaomba maji. Ulidhani amechoka na njia.

Nilipofika na kapu tupu kichwani alikuwa anakupima mguu kwa utepe wa jani, anafunga fundo penye goti, fundo penye kifundo cha mguu. Nikatafuta uongo. Nilikuwa fundi wa uongo mimi, lakini siku ile haukuja hata mmoja. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika barazani. Akanitazama, akasema, "Mwanakombo, binti yako ana miguu mirefu." Basi.

Ulipoingia ndani kumtilia chai ndipo aliposema, kwa sauti ndogo ili usisikie.

"Nimemsomea miaka saba. Kila Alhamisi baada ya Magharibi. Nina karatasi ya majina ya maiti wangu. Mama yangu yumo, wanangu wawili wamo, na yeye yumo. Kila nilipofika kwake nililia kuliko nilivyolia kwa wanangu."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu wale walikwenda kwa amri ya Mungu. Huyu nilijua ni mimi nimemchelewesha. Nilisikia habari zake mapema, lakini kigutu changu kilikuwa na kidonda, nikasema nitangoja kipone. Nikangoja mwezi. Nilipofika kwako ukaniambia amekufa. Miaka saba najiambia, Omari, uliuguza kidonda chako mtoto wa watu akafa."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipojua. Nilidhani nimekufanyia wewe peke yako, na mimi peke yangu ndiye ninayesikia hatua. Kumbe uongo niliousema asubuhi moja ulitoka na yule mzee, ukaenda naye hadi Msambweni, ukaketi naye kila Alhamisi.

Nikamwangukia miguuni, ule mzima na ule wa mbao. Akanivuta mkono. "Inuka, mtoto anakuja. Sikulaani. Lakini mambo mawili sitakufanyia. Mtoto simwambii mimi, utamwambia wewe. Na jina lake katika karatasi yangu silifuti mimi. Nitakuwa nikifika hapo nanyamaza kidogo, kisha naendelea."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kabla hajaja kwenu."

Ukaja na chai, umeisukuma mbele yako sakafuni bila kumwaga tone, na bila sauti. Akakutazama ulivyokuja. Nadhani alielewa na hilo pia.

Leo ndiyo kabla. Ndiyo maana naandika.

Nilikwenda kukitazama kijiji mwezi uliopita, nikakwambia nakwenda Mkongani shambani. Nilitaka kuona mahali nilipokunyima. Nilitegemea sijui nini, vilio labda. Nikakuta nyumba zimepangwa mistari, mama asiye na vidole anakanda unga kwa vigutu vya mikono, kipofu anasuka mkeka na kuimba vibaya, na wanaume wawili wenye magongo wanagombana kwa nini mchuzi umetiwa chumvi mara mbili. Wanatukanana, Mwanasiti, matusi ya kweli, na watu wanacheka. Moyo wangu ukatulia pale pale. Mahali watu wanapogombana juu ya chumvi si mahali pa wafu. Mahali pa wafu palikuwa hapa kwangu, tulipokuwa hatugombani kamwe.

Kwa hiyo huko uendako, gombana. Watu watakusifu kwa upole wako, watasema binti wa Mwanakombo mtulivu, hata mlango haumsikii. Utulivu huo si tabia yako, nilikushonea mimi kwa vitambaa na sukari guru. Ukikubana uuvue. Fundi Omari anasema chuma cha mguu kikiwa kipya hulia. Kiache kilie. Wakikwambia ukitie mafuta, waambie mama yako amekataza. Nataka kijiji kizima kijue unapopita, hata waliolala.

Na usinisamehe upesi. Nakujua, umezoea kunisaidia mzigo kabla sijauomba. Huu niachie. Ukikasirika, kasirika hata mwaka, hata uandike barua ya matusi, nitaisoma barazani kwa sauti. Nitakachoshindwa kukistahimili ni ukiniandikia kwamba hakuna neno. Neno lipo. Mficha uchi hazai, nami nilizaa kisha nikaficha nilichozaa.

Nywele zako zimekwisha, nasikia Mishi anakuaga. Nina dakika chache.

Leo asubuhi Mishi alipoleta vitumbua vya safari, nilikuwa mlangoni napepeta mchele. Hukujua nakuona. Baada ya miaka yote hii ulichukua kimoja, ukakigawa, ukaitambalia ile njia yako ya zamani, ukaiweka nusu kishubakani. Nilitabasamu, nikasema mtoto anaaga mchezo wake. Kisha nikakusikia ukimwambia, "Mimi nakwenda. Wewe kaa na mama, asibaki peke yake."

Sitaki akae nami. Nimeandika kurasa zote hizi ili nikwambie neno hilo moja. Hakuna Mwanasiti mwingine. Hakupata kuwako. Mtoto uliyemlilia ni wewe, uliyemsomea ni wewe, uliyemgawia chakula chako ni wewe, na aliyekuwa akila ni mimi. Mchukue uende naye. Nitabaki peke yangu, nalo ndilo lililokuwa halali yangu siku ile mzee alipobisha hodi.

Ukifika, kabla ya kuonyeshwa kitanda, mtafute Fundi Omari. Mwombe mtu akushike ukibidi, lakini usimame. Umtajie jina lako na langu, umwambie ailete ile karatasi, na kalamu uishike wewe, ulifute mwenyewe.

Ile nusu sijaila. Nimeifunga kwa jani la mgomba, iko juu kabisa ya mzigo wako. Itakuwa imekauka kidogo. Kula, mwanangu. Ilikuwa yako tangu mwanzo.

Mama yako,
Mwanakombo